Kiti cha Pembeni ya Baba

Dada Mage, shikamoo. Usishangae kadi ina tembo. Kilosa nzima nimekosa yenye bahari. Wazee walifika salama kutoka huko Vidunda, na magimbi yako tumeyamaliza. Jumamosi nawapeleka Dar kwa treni ya umeme, kwenda na kurudi. Joto hili! Baba anachouliza ni kama ufukweni kuna kivuli.

Nikamuuliza mama, "Wewe ungependa nini?" Akaacha kupepeta mchele.

"Bahari ipo tu, nitaiona. Siku zote kwenye basi baba yenu hukaa mbele na dereva, mimi nyuma na mizigo. Hiyo treni si kila mtu na kiti chake? Nikatie cha pembeni yake."

Wasalimie watoto, uwabusu. Tiketi nimeshakata: wao wawili pamoja, mimi behewa jingine.

Mdogo wako, Neema