Kisu Kisichoshikwa Mkononi

Kamachumu, Bukoba,
16 Agosti 1953.

Mpendwa kaka Kagaruki,

Nakusalimu kwa furaha. U mzima huko Kampala? Kile kikohozi ulichotuandikia kimekuacha? Sisi hapa tu wazima, kahawa imeiva vizuri na uwanja wote umejaa mikeka ya kuanikia.

Kaka, ulisema utakuja mwezi ujao kumchukua Mama aishi kwako. Tafadhali ngoja kwanza nikueleze yaliyotokea.

Tangu ule ugonjwa ulipomnyima mkono wa kushoto, Mama alikuwa haingii jikoni, kwa kuwa hawezi kushika ndizi na kuimenya kwa mkono mmoja. Nikimmenyea mimi, anakula kidogo, kisha anageukia ukutani. Siku moja aliniambia, "Mimi sasa ni mgeni humu. Bora nikawe mgeni kwa Kagaruki." Nililia, ila sikumwonyesha.

Basi, kanisani tuna darasa la akina mama. Mwalimu wetu, Bi Klaudia, alitupa zoezi la ajabu: kila mmoja achague chombo cha nyumbani, akichore kama hajawahi kukiona, kisha akichore upya kwa ajili ya mtu asiyeona, au mtoto, au mwenye mkono mmoja. Tulicheka sana. Jirani yetu Kokubanza alichora chungu chenye masikio manne, tukamwuliza kama kinasikia mahubiri.

Mimi nilichora kisu. Kwanza nilikipa mpini mnene, nikautengeneza kweli. Mama akakijaribu, ndizi ikamponyoka ikaingia majivuni. Akakiweka chini.

Nilirudi darasani nimenuna. Bi Klaudia akasema, "Geuza mchoro wako. Kinachotembea kisimame, kilichosimama kitembee." Nilikaa nao muda mrefu, mwisho nikaona: kisu kisimame, ndizi ndiyo itembee.

Seremala Anatory, yule wa karibu na soko, alikipachika kisu kwenye ubao. Mama anaukalia ubao usicheze, anapitisha ndizi kwenye makali kwa mkono wa kulia. Ndizi za kwanza zilitoka nyembamba kama vidole vya mtoto, nusu ya nyama imekwenda na ganda. Nilipotaka kusaidia akanikataza. Kisha akaagiza mwenyewe kijiti kipigiliwe sambamba na makali, paachwe nafasi ya ganda tu. Anatory akafanya hivyo. Ndizi iliyofuata ilitoka safi, naye Mama akaishika juu akaitazama pande zote.

Juzi nilitoka kibanjani, kwenye migomba yetu, nikakuta sufuria limejaa ndizi za ebitoke zilizomenywa, naye anachochea moto. Nilisimama mlangoni nikimwangalia. Akasema, "Ondoka hapo, unanizibia mwanga." Kaka, sijawahi kufukuzwa jikoni nikafurahi namna ile.

Kampala anasema atakuja, lakini kutembea tu, awaone wajukuu, halafu arudi nyumbani kwake. Na anauliza kama wifi ana ubao mzuri, maana hatakubali kukaa huko akipikiwa.

Msalimie sana wifi Alistidia na watoto. Baba mdogo Mushumbusi anakusalimu, na Kokubanza pia, pamoja na chungu chake.

Mungu akulinde kazini na akurudishe kwetu salama.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,
Kokwijuka