Greda Letu Haliuzwi

Jumatatu, 6 Julai
Siku ya ishirini na moja ya kuitwa mke! Niliamka mapema ili nimtazame tu mume wangu akilala. Mara nje – wuu... wuu... wuu... Shemeji, kaka yake mkubwa, anajaribu kuwasha greda la marehemu baba mkwe. Umande umeganda kwenye kioo. Injini inazunguka kivivu, kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu, kisha kimya.
Shemeji katangaza: mkandarasi wa barabara anataka kulikodi greda Ijumaa saa mbili asubuhi. Lisipowaka, linakatwa na kuuzwa kama chuma chakavu. Linakatwa! Mume wangu alijifunzia udereva humo, amepakatwa na babake. Mimi nikasema halikatwi. Shemeji akacheka – bibi harusi hata jikoni hajazoea, tayari fundi!

Jumanne, 7 Julai
Betri mpya mbili. Bado wuu... wuu. Shemeji anasema stata, ile mota ya kuwashia injini, imekufa, tusijidanganye. Mama mkwe ananiambia mwanangu, waachie wanaume vyuma vyao. Niwaachie? Ng'o!

Jumatano, 8 Julai
Nimeupata ugonjwa!!! Mume wangu alipokuwa anawasha, mkono wangu uligusa ule waya mnene wa hasi, pale unapofungwa kwenye fremu. Greda zima barafu – hapo pa moto! Fizikia ya kidato cha tatu: umeme ukikutana na ukinzani, joto. Unakwama hapo, stata inabaki na makombo.
Tukafungua bolti. Chini yake rangi ya njano, inang'aa. Ile ile aliyopaka mume wangu wiki moja kabla ya harusi, ili tupige picha juu ya greda! Alipaka kila mahali, hadi chini ya waya, akafunga bolti juu ya rangi, nayo rangi haipitishi umeme. Siku zenye joto injini ilivumilia. Baridi ilipokaza, tukaumbuka.
Akajishika kichwa. Nimeliua mwenyewe, anasema. Nikambusu pua yenye grisi. Mwanaume gani mwingine angekosea vitamu namna hii?

Alhamisi, 9 Julai
Msasa mchana kutwa, mpaka chuma kikawa cheupe. Vidole ganzi. Kucha za harusi kwisha habari! Shemeji alipita, akasema watu wa chuma chakavu ameshawaita, kesho saa moja na nusu. Nikamjibu waje na chai yao, watasubiri sana.

Ijumaa, 10 Julai
Naandika nikiwa kwenye kiti cha greda, daftari juu ya usukani. Nikiacha kuandika nitalia, na silii mbele ya watu hawa!
Tumejaribu mara moja. Imezunguka – wuwuwuwuwu! – kasi ambayo sijawahi kuisikia. Moshi mweupe. Haikuwaka. Mume wangu anasema stata ipumzike dakika mbili, isiungue.
Lori lao liko getini. Mitungi ya gesi ya kukatia imeshashushwa. Mmoja anauliza waanzie wapi.
Shemeji hacheki tena. Tangu asikie ule mzunguko amesimama chini ya mlango wangu, mkono kwenye bodi. Sasa amesema polepole: shemeji, usifanye haraka. Baba alikuwa anangoja dakika tatu.
Simu inaita mfukoni mwake, bila shaka mkandarasi. Hapokei. Anawaambia wale wa lori wasubiri.
Imebaki nusu dakika, na mume wangu amenipa ufunguo mimi.