Pua Mpya ya Madame

Siku ya Mungu, 7 Julai 2024

Nimetoka misa na amani, nimefika nyumbani nimeipoteza. Mutoto wangu Guy alikusanya familia mbele ya nyumba, hapa Cimpunda, akatangaza kama siku ya ndoa ya Ornella atakodi jeep nyeupe. Eti Madame haitapanda mulima.

Madame ni pikapu yangu, ya dizeli, inamupita Guy umri na akili. Kweli inakohoa. Kweli ikipanda inatapika moshi nyeusi, wamama wa barabarani wanafunika sufuria. Lakini Ornella, binti ya Guy, mujukuu anayeniita Koko, alizaliwa ndani yake! Njia ya kwenda Miti, mvua inapiga, mama yake hakungoja hospitali. Siku ile nilisema: huyu mutoto nitamupeleka kwa bwana yake na gari hii hii. Watu walicheka. Mimi sikucheka — basi, nilicheka kidogo.

Guy ni prefe, mukubwa wa shule, kila kitu kwake ni mutihani. Akaweka sharti: Madame ipande mupando wa Kasha, kwa njia hiyo ya Miti, na muzigo, yeye afuate nyuma kwa pikipiki na shati nyeupe. Shati ikipata masizi, ni jeep. Isipopata, Ornella anapanda na mimi mupaka Miti, kwa parokia ya wakwe.

Nilikubali mbele ya wote, kifua mbele. Sasa niko na hofu. Nimeiandika hapa ili isinifuate nje.

Siku ya tatu, 10 Julai

Kwa Josué, fundi mwenye kelele kuliko moteri. Akafungua kapo, kifuniko cha moteri, na kucheka mbele ya mugonjwa. Daktari gani huyo? Akatoa filtre ya kuchuja hewa, akaigonga chini: vumbi ya kiangazi chote, majani, na mende mumoja aliyekufa na heshima zake.

Anasema moteri iko muzima. Inakosa pumzi tu. Hewa inaingilia chini, pembeni ya gurudumu, pale vumbi inarushwa. Dizeli ikikosa hewa inageuka moshi. Madame inataka pua ndefu: bomba inayotoka ubavuni, inapanda karibu na kioo, inavuta hewa juu kwa dari, pale iko safi.

Nikamueleza Eulalie, muke wangu. Akajibu kama mimi ndiye ninakoroma mupaka mabati yanatetemeka, na hakuna aliyenitafutia pua. Tangu zamani anaita Madame mukewenza. Hajaipangusa hata kioo.

Siku ya tano, 12 Julai

Nimepata pua! Kwa Hadji, anauza vipande vya gari kule Kadutu, yeye ni wa Uvira kwa baba. Nyeusi, plastiki nzito, kichwa kama cha nyoka aliyekataa kusalimia. Haikutoka kwa waliotengeneza Madame, ni ya kiwanda kingine, lakini Hadji akaapa itaingia. Nikamuambia hata viatu vya marehemu vinaingia, maana mwenyewe halalamiki. Alicheka, akafunga duka, akasema atakuja kuona operesheni na macho yake.

Siku ya posho, 13 Julai

Operesheni. Josué alibandika karatasi ya kipimo ubavuni mwa Madame, akachora duara. Halafu akanipa mashini ya kutoboa. Toboa mwenyewe, anasema, nisilaumiwe.

Hadji akasema bismillahi, mimi nikafanya alama ya musalaba. Madame ilitobolewa na dini mbili. Kelele! Cheche! Eulalie alichungulia dirishani, akavuta pazia, akabaki nyuma yake. Shimo ikatoka mviringo kama hostia ya misa.

Josué akapaka rangi kandokando ya shimo isishike kutu, akaunganisha bomba ya mpira, akakaza. Tundu moja ya skurubu ilikataa — ilikuwa imetazama upande wake, kama mutu wa familia yangu. Tukaipanua. Filtre mupya pia.

Akawasha. Halafu akaweka kiganja kwa mudomo wa pua. Moteri ikanyong'onyea, ikataka kuzima. Akaondoa mukono, ikarudi kupumua. "Umeona, papa Anaclet? Ukiziba hapa, umemunyonga."

Nimeona. Sote tumeona. Pazia peke yake haikufunguka.

Siku ya kwanza, 15 Julai

Mutihani! Guy alisimamia mwenyewe kupakia muchanga nyuma, hakutaka nimudanganye. Namna alivyonifahamu ni aibu.

Chini ya mupando, Ornella, aliyekaa pembeni yangu, akaniomba volan, ashike usukani yeye. Ni mimi nilimufundisha, njia hii hii, na anaendesha vizuri kunipita, kitu ambacho sitakisema nje ya hapa. Nilikataa. Leo ni mutihani ya wazee.

Madame ilipanda ikiimba. Gia, vitesi ya tatu! Ya tatu, kwa mupando wa Kasha! Nilipiga honi hata pale hakuna mutu. Mbuzi mumoja alinijibu.

Guy akafika nyuma, shati rangi ya udongo. Akafungua mudomo aanze hotuba. Ornella akasugua kola yake na kidole, akamuonyesha: "Papa, hii ni vumbi. Masizi ni nyeusi."

Aliyemusomesha huyu mutoto ni Guy mwenyewe. Nikafurahi mara mbili. Akakubali, akanipa mukono. Lakini nilimuona anaenda pembeni kupiga simu, anaongea chini-chini.

Siku ya ine, 18 Julai

Nimeosha Madame. Nimejiosha pia. Eulalie amesema ameona nimeanza na nani.

Siku ya posho, 20 Julai, asubuhi

Nimeamuka, kitanda nusu haina mutu. Nikatoka. Eulalie anapamba Madame!

Ribani kwa kapo. Maua ya kitambaa kwa vioo. Na ile pua ameivalisha kitambaa chepesi cha harusi, ameizungusha mupaka juu, amefunika mudomo yote, amechomeka ua kubwa pale katikati. Nikauliza, na hii?

"Isile vumbi, maskini. Unajua njia ya Miti."

Maskini! Kwa mukewenza wake! Nikamubusu mbele ya majirani, wakapiga makofi. Leo niko mwanaume mwenye wake wawili wanaopatana. Ornella ametoka, amevaa nyeupe kabisa, amepanda mbele. Tunaenda!

Siku ile ile, mupando wa Kasha, katikati

Ninaandika nimekaa juu ya jiwe. Madame imezima.

Moshi nyeusi kuliko zote. Musafara yote nyuma inapiga honi. Na katikati ya musafara nani anatokea? Jeep nyeupe. Guy aliikodi kwa siri. Ile simu!

Akafungua mulango wa Madame, akamuambia Ornella ashuke haraka: padiri anangoja, Yannick anangoja, wakwe wanaangalia saa. Yannick ni bwana harusi, mutoto mupole, atangoja. Ornella hakusogeza hata kiatu.

"Papa, mi nilizaliwa humu. Nishuke juu ya kikohozi tu?"

Josué akashuka kwa gari ya nyuma na suti yake. Akatazama pua. Akanitazama. Nikakumbuka kiganja chake kwa mudomo wa pua, nikataka jiwe hii inimeze.

Akaanza kuvuta. Kitambaa ikatoka, ikatoka tena, nyekundu ya vumbi, na ua likafuata, lilinyonywa mupaka kooni. Watu wakaanza kucheka. Eulalie alikuwa nyuma ya mwavuli, mwavuli inatetemeka. Nikasema na sauti kubwa kama ni mimi nilifunga, nilitaka kurembesha.

Mwavuli ikashuka. "Muongo huyu. Ni mimi. Nilitaka na yeye apendeze."

Yeye! Hakusema "gari". Nimemusikia vizuri, na ninaandika tarehe.

Josué amekung'uta filtre, ameirudisha, anasema sasa itawaka. Kinachobaki ni dereva. Na dereva anaogopa kuizimisha tena, ameshika biki yake ya kuandika, hatoki kwa jiwe. Nilisema ninaandika kidogo nipumuzike. Uongo.

Ornella ameona. Amevua viatu. Amesogea kwa volan, kanzu yake imejaa cabine yote, shela inatokea dirishani kama moshi — nyeupe. Guy ameshika kichwa na mikono mbili. Hadji, kutoka nyuma kabisa, anasema bismillahi.

Mukono wa gant, glavu ya harusi, umetoka dirishani, kiganja juu.

"Koko, acha biki. Leta ufunguo, ukae hapa pembeni yangu."

Ufunguo iko mu mukono yangu ya kushoto. Nilisema nitamupeleka na gari hii. Siku ile, kusema kweli, sikusema nani atashika volan. Ninaacha biki, ninaenda.