Binti Yangu Ananizika Kila Jumamosi kwenye Televisheni

Mpendwa Bi. Zelie, naomba msaada wako kabla sijafanya jambo la kunipeleka polisi na miaka yangu sabini na mitatu, maana mimi ni marehemu, ndiyo, umesoma sawasawa, binti yangu Odalie, yule wa kipindi cha mapishi ambaye Louisiana nzima inamjua, tangu Pasaka kila akifunga aproni husema "marehemu mama yangu, Mungu amrehemu, ndiye aliyenifundisha," na watu wa studio wanaguna kwa huruma, huku mimi niko hapa Breaux Bridge kwenye kiti changu, miguu kwenye beseni la maji moto, buheri wa afya.

Nimekuwa kichekesho cha mji. Nikiingia buchani, Ulysse muuza nyama anapaza sauti, "Jamani pisheni, marehemu anataka soseji!" na binamu yangu wa Texas, maskini hajui kitu, akaniombea misa, basi padri mgeni akasoma jina langu kati ya wafu na mimi nimekaa benchi la tatu, nikaitikia "Nipo!" na kanisa zima likavunjika mbavu mbele ya altare.

Hata hilo ningelimeza, Bi. Zelie, lakini wiki mbili zilizopita alipika gambo, ule mchuzi wetu mzito wa soseji, akasema "kama alivyopika marehemu," akatia nyanya. Nyanya! Kwenye gambo! Watu wa New Orleans na watie watakacho, ila mimi tangu nizaliwe sijatia, mama yangu hakutia, na bibi yangu angemchapa mtu mwiko. Nilirusha kandambili ikagonga kioo cha televisheni. Kuniua aniue, lakini asinisingizie!

Sasa nasikia Siku ya Watakatifu Wote, tutakapokwenda kupaka chokaa makaburi, anakuja na kamera zake kulia kwenye kaburi la baba yake, mume wangu Alcide, ambapo jina langu limeshachongwa kando ya lake, umebaki mwaka wa kufa tu. Nataka niwahi, nikae juu ya kaburi na sufuria yangu, nimuumbue mbele ya watu. Ni kweli hatujasemeshana miaka mitatu, tangu kipindi chake cha kwanza alipomimina unga wa gambo uliokwisha kukaangwa kutoka kwenye chupa ya dukani, badala ya kusimama jikoni aukoroge mwenyewe mpaka uwe kahawia, nikampigia simu nikamwambia mtoto wa hivyo sikuzaa, anihesabu nimekufa, lakini hayo ni maneno ya hasira tu, mama gani hasemi? Niambie, nikae kaburini au nimshtaki?

Ni mimi, Marehemu wa Breaux Bridge

*

Wewe Marehemu,

Pole, tena pole ya kweli, ingawa hapo kwenye "Nipo!" nimecheka mpaka miwani ikaanguka. Odalie amekosa adabu. Hakuna kipindi kinachompa mtu ruhusa ya kumzika mama yake hai.

Lakini usinifanye mjinga, mama. Umeandika weee, nyanya na kandambili, halafu lile lenyewe umelisukuma mwishoni kama mtu anayeficha mfupa chini ya wali. Nani alikuua? Wewe! "Nihesabu nimekufa." Mtoto kakutii. Tena yote kwa chupa ya unga! Kipindi chake ni cha dakika ishirini na mbili, na unga wetu unataka dakika arobaini na tano za kukoroga. Ulitaka akoroge mpaka taarifa ya habari?

Na hizo nyanya. Kipindi kile nilikitazama, nami nilitukana peke yangu sebuleni, sikatai. Ila nilimwangalia usoni. Alishika nyanya, akatazama kamera, akangoja. Akaikata polepole, akangoja tena. Binti huyo amekulia jikoni kwako, anajua nyanya haiingii humo kama anavyojua jina lake. Kwa nini aitie? Alingoja simu yako miaka, hukupiga. Akakutangaza marehemu, hukupiga. Akatafuta kitu kimoja ambacho mama yake hawezi kukinyamazia, akakipata sokoni. Anakuita, mama! Na wewe unarusha kandambili, simu iko kando yako!

Kaburini usikae. Mambo ya kushtaki sahau, utachekwa mpaka mahakamani. Jumamosi hii kipindi kikiisha, piga simu. Usianze na samahani, atadhani unakufa kweli. Mgombeze kwanza. Mseme nyanya hizo mpaka pumzi zikuishie, na akianza kulia, nyamaza, kisha useme, "Nilikosa kusema vile." Yanauma kutoka, lakini hayavunji meno.

Siku ya Watakatifu Wote nendeni pamoja, ndoo moja ya chokaa, brashi mbili. Kamera zije, Louisiana nzima ikuone ukimkosoa namna anavyopaka. Na ule mwaka uliobaki wazi kando ya Alcide, mwachie Mungu aujaze. Wewe na mdomo wako mmeshajaribu, mkakosea.

Bi. Zelie