Kamba Kwenye Bampa

Buyenzi, Jumapili

Dada yangu Kudra,

Asalaam aleykum. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Rumonge, na watoto wameacha kukohoa. Mama hajambo, anakusalimu na anauliza kama samaki wa mukeke bado wanapatikana. Mimi naendelea, ila bega la kulia limefungwa bandeji. Naandika kwa mkono wa kushoto, samehe mwandiko.

Habari za kazini ni hizi. Ofisi yetu ya mitaro ilituandalia mafunzo ya usalama. Kofia ngumu, ambazo kwa kawaida hutoka stoo wakija wageni tu, zilipanguswa vumbi tukavaa. Mkufunzi alisisitiza kwamba anayeshuka shimoni hufungwa kamba, na aliye juu huishika kwa mikono yake, haiachii hata mkubwa akimwita. Dereva wetu Népomuscène akasema basi wakubwa wapitie barabara nyingine. Tulicheka sana.

Mimi, kwa kuwa ni mhandisi, nilishuka shimoni kwa mazoezi. Wa kushika kamba nilimchagua mwenyewe: shemeji Moubarak, mume wako, ambaye uliniomba nimtafutie kazi pale. Nilitaka mtu wa nyumbani.

Nikiwa chini, mkurugenzi, Mama Candide, alifika na mpiga picha. Shemeji akaifunga kamba kwenye bampa ya pikapu, akaenda kusimama mstari wa mbele. Népomuscène hakuiona. Aliambiwa asogeze gari maana linaharibu picha, naye akasogeza. Kamba ilinivuta juu mpaka bega likagonga ukingo wa zege. Wenzangu wanasema nilipiga kelele. Mimi sikumbuki.

Kamati ya nidhamu ya ofisi ilipotuita, shemeji alisema ni mimi niliyemwamuru afunge kamba pale ili naye aende kupigwa picha. Népomuscène alinitetea, lakini hakuwa amesikia kitu. Kamati itaamua Jumanne. Wakimwamini shemeji, sina kazi.

Nilimfuata uani nikamuuliza kwa nini. Hakuinua macho. Alisema, “Shemeji, mi sikutaka. Ni dada yako alinambia niseme vile. Alisema Houda hana mutoto wa kumulilia njaa, yeye atavumilia.”

Sikumwamini. Nilidhani ni uongo juu ya uongo. Kisha Ijumaa ulinipigia simu. Uliniuliza kama nalala vizuri, kama dawa zinanipa kichefuchefu, kama Mama ananipikia uji. Hukuniuliza niliumiaje. Hapo ndipo nilipojua, Kudra.

Jumanne nitaieleza kamati jinsi ilivyokuwa, na nitamtaja mume wako. Wewe sitakutaja, wale hawakujui. Nimeona ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwake, upate kujipanga na watoto.

Wape salamu zangu wote, na mdogo mwambie mama yake mdogo wa Buyenzi anamkumbuka. Majirani wanakusalimu. Simu yangu nitaizima mpaka Jumanne jioni.

Ni mimi, mdogo wako,
Houda