Koti la Mkwe

4 Machi

Mwanangu mpendwa,

Hujambo wewe na mwenzako? Mimi mzima, magoti tu ndiyo yamegoma. Koti la harusi la mkwe nimemaliza kulishona. Nililitundika dirishani hapa dukani likae sawa, mifuko wazi, kama kawaida yangu. Basi ndege akalifanya nyumba! Mdogo hata kiganja hajazi, mgongo wa kahawia, kifua cheupe, mkia umesimama wima. Ni yule anayepekua wadudu kwenye kichaka cha uani. Ametaga kwenye mfuko wa kulia. Na sauti yake sasa! Cherehani haisikiki.

Nifanyeje? Nikisafiri lazima nifunge dirisha, na ndege atakosa njia. Na kwenye harusi yako siji mikono mitupu.

Baba yako

15 Machi

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima. Nimecheka, kisha nikalia. Mama hayupo, ukikosekana na wewe, nani atanishika mkono siku hiyo? Kihamishie kiota kichakani, ndiko kwao. Tafadhali, Baba.

Mwanao

27 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Nilijaribu. Kugusa koti tu, mama mtu akanijia usoni na matusi yake yote. Nikaliacha, nikaomba radhi. Sasa makinda wametotolewa, midomo ya njano wazi kutwa, na wazazi wanaleta viwavi, buibui, mbu. Dukani hakuna nzi hata wa dawa. Mzazi mwenzangu namfukuzaje? Nisamehe. Naona uchungu kweli.

Baba

9 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nilinuna, sikufichi. Mwenzangu unamjua, mwoka mikate yule, maneno kwake ni ya kuhesabu. Akaisoma barua yako, akasema, "Kama baba haji harusini, si harusi iende kwa baba?" Tumeahirisha. Tutaoana hapo hapo uani kwako. Watoto wakisharuka, ulifue hilo koti!

Mwanao

24 Aprili

Wanangu,

Hamjambo? Mimi nacheka peke yangu kama chizi. Wameruka! Wa mwisho aliogopa, akatua juu ya cherehani, akanikodolea macho, ndipo akamfuata mama yake kichakani. Nikalifua koti vizuri, nikalianika.

Dirishani. Mifuko wazi. Mazoea yana taabu!

Leo asubuhi nimekuta majani makavu kwenye mfuko wa kushoto. Mwambie mkwe asinichukie.

Baba

3 Mei

Baba,

Shikamoo. Mkwe wako amecheka mpaka mikate ikaungua. Anauliza, kwani koti ndilo linalooa? Atavaa shati. Wewe andaa mkono wa kunishika, na dirisha uliache wazi. Tunafunga mizigo.

Wanao