Tete Mdomoni Mbele ya Mama Mkwe

Mpendwa mama mkwe,

Jana beni yetu ilipita Kanyenye kwa kwata na ngoma, na mwanao akapuliza lile baragumu la shaba lililoachwa na Wajerumani, lenye shingo iliyopinda na tete la kupulizia lililofungwa kwa uzi. Sauti yake bado ni ya fahali aliyenyimwa maji. Nikakukumbuka, nikacheka peke yangu barabarani.

Unakumbuka ulivyoshuka garimoshi kutoka Tura kuja kumkagua mchumba wa mwanao? Ulinikuta pabaya. Tulikuwa tunashindana na beni ya Bukene, na jua la kiangazi lilikuwa limeshapasua matete yote isipokuwa moja. Likikauka linapasuka, ukilizamisha majini linalegea. Dawa yake ni mate tu. Mwanao alikuwa akiwapigisha wenzake kwata kwa kelele, basi akalitia mdomoni mwangu, na baragumu akanibebesha mikononi.

"Usifungue mdomo," akasema.

Ndipo ukatokea. Nilipiga magoti, lakini shikamoo haikutoka. Ukangoja. Nikatabasamu, shavu limevimba.

"Binti, kwenu watu wazima hawaamkiwi?"

Nilitamani ardhi inimeze. Kulitema tete vumbini ni kuwaangusha wenzangu. Kunyamaza ni kukosa mume. Nikanyamaza, machozi yakinilengalenga.

Mwanao akaja mbio, akalichomoa mdomoni mwangu, akalichomeka kwenye baragumu na kupuliza. Mashabiki wa Bukene wakaiacha beni yao wakatukimbilia sisi. Mimi bado niko chini, nikasema, "Shikamoo, mama." Ulicheka mpaka ukajifuta macho kwa kanga.

"Marahaba, mwanangu. Inuka, utachafua nguo."

Toka siku hiyo hukuniita jina lingine. Na ulipohamia kwetu uzeeni, wewe uliyependa maongezi kuliko chakula, ukaniomba tete. "Wewe zungumza na wageni. Leo nitanyamaza mimi." Ukaipita Kanyenye nzima kimya, unaitikia salamu kwa kichwa, watu wakidhani umeanza kuringa.

Tangu utuache, kazi hiyo imerudi kwangu. Nimekukosa sana, mama. Jana kabla ya wimbo wa mwisho, tulipokuwa tunapita karibu na makaburi, niligeuka kulitazama lako. Nikashukuru kuwa na tete mdomoni; hakuna aliyetegemea niseme neno.

Pumzika salama. Mwanao anakuamkia, na wajukuu pia.

Mimi mkweo,
uliyemwita mwanao.